Daftari la hamaki: siku 45 za kushona pindo kabla ya kujibu

Kabla ya kuanza

Shangazi yangu hajanisemesha kwa wiki mbili sasa, na chanzo ni orodha ya michango.

Aliyewahi kuwa kwenye grupu la harusi anajua orodha hizi zinavyokwenda. Katibu anaandika majina kuanzia namba moja, mbele ya kila jina ahadi na kiasi kilicholipwa. Mtu akitoa, ananakili orodha nzima, anajiongeza, anairudisha. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, wa pili anafuta kazi ya wa kwanza bila kujua. Ndivyo lilivyopotea jina la Shangazi, namba 17, elfu hamsini taslimu. Saa tatu usiku ukaingia ujumbe kutoka kwenye simu yake: "Nimeona nimetolewa. Asante."

Katibu ni mimi. Nilikuwa nimechoka, nina magauni sita ya maharusi hayajakatwa, na nilijibu palepale: "Shangazi soma vizuri kabla ya kulaumu watu. Hakuna aliyekutoa." Yaani dada wa baba yangu, mbele ya watu 84 wa ukoo na wakwe watarajiwa. Baada ya dakika ishirini akili ikanirudia nikaufuta. Tangu 2022 WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe kwa wote hata siku mbili na ushee zikipita, ila inaacha alama kwamba hapa palikuwa na ujumbe. Ambaye hakusoma anauliza kilichoandikwa, aliyesoma anamsimulia. Asubuhi ndugu wa Muheza walishakuwa na skrinishoti.

Basi nimejiwekea mradi huu. Kwa siku 45, kila ujumbe unaonistua moyo nauandika kwanza kwenye daftari la karatasi: saa, umetoka wapi, umesemaje, mwili umefanya nini, na jibu lililotaka kunitoka. Kisha nashona pindo moja mpaka mwisho. Ndipo nashika simu. Nimechagua karatasi kwa sababu nikifungua simu ili niandike kwenye simu, ule ujumbe uko palepale unaningoja.

Siku ya 1

Daftari ni la kurasa 96, la kawaida la shule. Nimelilaza kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini na chaki. Simu nimeipeleka dirishani, mahali ambapo lazima nisimame ili niifikie.

Maingizo matatu kabla ya adhuhuri. Sikutegemea. Nilidhani hasira zangu za simu ni za mara moja moja, kama mvua ya Januari.

Pindo la gauni pana linanichukua kama dakika kumi na mbili, nikipiga pasi kwanza. La shati ni dakika tano, haitoshi. Leo nimeona kwamba baada ya dakika tano mikono bado inatetemeka na mshono unapinda. Nikiangalia mshono najua kama nimetulia, hata kabla moyo haujaniambia.

Siku ya 4

Nimeshindwa. Mjumbe mmoja wa kamati aliandika, "Hizi hela mbona hatuelezwi zinakwenda wapi?" Daftari lilikuwa mbele yangu nikalitazama tu. Nikamjibu kwamba anayeuliza sana ndiye asiyelipa. Kisha nikahariri. Tangu 2023 ujumbe unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 za kwanza, na mimi nilitumia dakika tatu. Lakini waliokuwa mtandaoni saa hizo walishasoma, na ile alama ndogo ya kuonyesha kwamba maneno yamebadilishwa ikawafanya wengine waulizane yalikuwa yapi.

Naandika hivyo hivyo kwenye daftari: "Nimejibu kwanza, nimeandika baadaye." Nisipoandika nilipokosea daftari hili halina maana.

Siku ya 9

Leo nimesoma maingizo yote tangu mwanzo, yako 22, na kuna jambo limenikera. Safu ya "nimehisi nini" ina neno moja tu kuanzia juu mpaka chini: hasira, hasira, hasira. Fundi anayeita kila kitambaa "kitambaa" hawezi kazi. Ukichanganya satini na pamba unaunguza nguo ya mtu kwa pasi.

Nikakaa chini nikaanza kuyapanga upya. Lugha yetu ina maneno ya kutosha, ni mimi niliyekuwa mvivu.

Hamaki ni ile inayoruka kama cheche, ndiyo iliyomjibu Shangazi, nayo haiishi muda mrefu. Ukiivumilia pindo moja inazimika. Kinyongo si hivyo. Hicho hakina kelele, unalala nacho na kuamka nacho, na ukishona mapindo kumi bado kipo. Donge linakaa kooni: umeona dada uliyemfundisha kushona anasifiwa kwa mshono wako na hakukutaja. Kero ni mtu wa kutuma salamu za asubuhi zenye maua kwenye magrupu manne. Halafu kuna fedheha.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Katika yale 22, niliyoyaita hasira, kumi na moja ni fedheha. Nusu kamili. Maneno yale yale nikiambiwa inboksi ningeguna nikaendelea na kazi. Kilichoniuma ni wale waliokuwa wakitazama. Na ukiona unatazamwa unajibu kwa ajili ya watazamaji, humjibu tena aliyesema.

Kuna utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliochapishwa 2007. Waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia kali huku wakiwapima ubongo kwa mashine. Waliopewa kazi ya kuchagua neno la hisia ile, sehemu ya ubongo inayoitwa amigdala, inayoshtuka mbele ya hatari, ilipungua kasi. Kulitaja jina tu. Nilipousoma nilifurahi kuliko nilivyotarajia, maana bibi yetu ulikuwa ukimwendea unalia anakuuliza kwanza, "Una uchungu au una hasira?" na hakukubembeleza mpaka umjibu.

Kanuni mpya kuanzia leo: neno "hasira" peke yake haliruhusiwi kwenye daftari.

Siku ya 13

Hili naliandika kwa urefu.

Saa nne asubuhi mdogo wangu kanitumia kiungo cha Instagram. Mteja kaweka picha ya gauni nililomshonea, amelivaa, zipu haifungi mgongoni, vidole viwili na nusu vya ngozi viko wazi. Maneno yake: "Nimelipa laki na nusu nipewe hiki. Harusi kesho. Mafundi wa Tanga tuoneeni huruma." Akaweka na jina la ukurasa wangu. Komenti zilishafika arobaini na kitu. Mmoja kasema ni gunia. Mmoja, simjui, kasema mafundi wa aina yangu wapigwe.

Mwili: masikio yamewaka moto, tumbo limekaza, mate yamekauka. Neno: fedheha, na chini yake hofu, kwa sababu ukurasa ule ndio unaoleta zaidi ya nusu ya wateja wangu. Jibu lililotaka kutoka nimeliandika neno kwa neno: "Dada vipimo ulituma mwenyewe, umenenepa usitusingizie." Nililiona ni jibu zuri sana. Nilikuwa na uhakika nalo.

Nikashona pindo. La dera, refu. Uzi ulikatika mara mbili.

Nilipomaliza nikaenda kutafuta ule ujumbe wake wa vipimo, nia yangu nikiri ilikuwa kuuweka hadharani. Aliandika: kifua 38, kiuno 31, nyonga 42. Nikafungua daftari la vipimo. Mkono wangu mwenyewe umeandika kifua 36. Nikarudia kusoma. Alikuwa na vipimo vya zamani, vya gauni la Idi ya mwaka juzi, kwenye ukurasa wa nyuma, na mimi nilikuwa nimenakili vile.

Nimekaa na futi mkononi sijui muda gani.

Kama ningejibu saa nne, ningemwita mnene mbele ya umati, kwa kosa langu. Na yeye angekuwa na ushahidi.

Nikampigia. Hakupokea. Nikamtumia sauti ya sekunde arobaini: kosa ni langu, vipimo vyako vilikuwa sahihi, nimekosea kunakili, naomba nguo ije sasa hivi kwa bodaboda, nauli kwangu, saa kumi na mbili utakuwa nayo. Kisha nikaandika hayo hayo chini ya picha yake, mistari mitatu, bila emoji.

Siku ya 14

Gauni lilikuja saa sita. Akiba ya mshono ilikuwepo pande zote mbili (namshukuru aliyenifundisha kuacha inchi nzima), nikalifungua, nikaongeza, nikalipiga pasi, likaondoka saa kumi na moja na robo. Leo asubuhi nimeona picha zake za harusini. Limekaa. Ile picha ya jana hajaitoa, na mimi sikuongea naye zaidi ya kumtakia heri. Komenti zimeendelea mpaka usiku, nyingi za watu ambao hawakusoma jibu langu.

Kuhusu yule aliyesema nipigwe: binamu yangu alitaka tukamshitaki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kweli inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumuumiza kihisia. Nimependa kujua kwamba ipo. Nimemzuia mtu yule asiuone tena ukurasa wangu, nikaishia hapo.

Siku ya 18

Bando liliisha juzi na sikujiunga mpaka leo. Siku mbili, ingizo moja, tena la jirani na maji machafu. Nguo tano zimekamilika.

Siku ya 23

Kanga mpya zimefika, doti ishirini, nikaziweka stetasi kama kawaida. Moja jina lake ni "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Ndani ya saa moja wifi yangu kaniandikia: "Hiyo ya leo umeniwekea mimi?" Nikamwambia ni biashara wifi, doti elfu kumi na tano. Kumbe siye peke yake. Kufikia jioni watu wanne wameniuliza, mmoja wao hatujasalimiana tangu Mfungo Tano.

Nimelifikiria hili nikikata vitambaa. Kanga ina pindo, mji na jina, na watu wa pwani tumerushiana maneno kwa majina ya kanga tangu enzi za mabibi. Mtu anajifunga jina lake, anapita mbele ya mlango wa mhusika, anarudi. Mhusika anajua, majirani wanajua, na hakuna aliyefungua mdomo. Ila kijembe cha kanga kilikuwa na njia yake: kinatoka nyumba hii kinafika nyumba ile. Wa mtaa wa tano alikuwa hakioni, hivyo hakimuumi. Stetasi inaingia kwa kila mwenye namba yangu, mia tatu na zaidi, kwa saa 24, na kila mwenye kidonda anadhani amekusudiwa yeye. Kijembe kimoja, majeruhi wanne, na mrushaji hana hata habari.

Nimerudi kwenye daftari nikahesabu mara ngapi mimi mwenyewe nimeumia kwa stetasi za watu. Mara saba. Nimewapigia wawili ninaoweza kuwauliza. Mmoja alikuwa anamsema mwenye nyumba wake. Mwingine alinakili maneno mahali akayapenda.

Siku ya 27

Mdogo wangu yuko likizo ya chuo, tunalala chumba kimoja. Usiku namwona anateleza video moja baada ya nyingine, uso hauna furaha wala huzuni. Nikamuuliza unatafuta nini. Akasema hajui. Alikuwa ameweka picha yake jioni, kila baada ya video tano sita anarudi kuangalia laiki.

Nilimwonyesha kwamba Instagram tangu 2021 inakubali mtu afiche hesabu ya laiki, zake na za wengine. Akafanya. Baada ya siku moja akairudisha, akasema kutojua kunamsumbua kuliko kujua. Sikumlaumu. Kitufe cha laiki kilianza Facebook mwaka 2009, yeye alikuwa mtoto mdogo. Hajawahi kuishi mahali ambapo picha haihesabiwi.

Akanipa naye somo lake, walifundishwa chuoni. Januari 2012 Facebook ilibadilisha kwa wiki moja yale yanayotokea kwenye kurasa za watumiaji 689,003. Wengine walipunguziwa habari za furaha, wengine za huzuni, bila kuambiwa. Utafiti ukatoka 2014, na watu wakakasirika sana. Waliopunguziwa za furaha nao waliandika maneno ya furaha machache zaidi. Tofauti ilikuwa ndogo mno, lakini ilikuwepo. Nikamuuliza, sasa sisi usiku wa leo tumewekewa zipi? Tukanyamaza wote wawili. Nimeanza kuandika na hili: nimefungua simu nikiwa katika hali gani, nimeifunga nikiwa katika hali gani.

Siku ya 33

Tiki za bluu. Zilikuja Novemba 2014 na tangu hapo sijui ni magomvi mangapi yameanzia hapo. Mtu anaweza kuzizima kwenye mazungumzo ya wawili, lakini kwenye grupu haziwezekani kuzimwa, na mwenye ujumbe akibonyeza taarifa zake anaona jina la kila aliyesoma na saa aliyosoma.

Nilikuwa nafanya hivyo. Na hili naliandika: kwa miezi minne ya ukatibu, kila nilipotuma tangazo nilikuwa nafungua ile orodha, nasoma majina ya waliosoma na hawakujibu, naweka moyoni. Shangazi alikuwa juu ya orodha hiyo. Anasoma kila kitu, hajibu kitu. Kwa hiyo usiku ule ilipoingia "Nimeona nimetolewa. Asante," haikuanguka mahali patupu. Kinyongo kilishapalimia.

Nitakwenda Pangani kwa Shangazi Jumamosi.

Siku ya 36

Nimechukua gari la saa moja. Nimembebea doti moja ya kanga, nimelitafuta jina lisilo na neno la kukwaza, nikachukua "Wema hazina".

Nilipobisha hodi alikuwa uani anapepeta mchele. "Shikamoo Shangazi." "Marahaba, mwanangu. Umekuja peke yako? Huko kwema?" Kama vile tulionana jana. Nikamwamkia tena, nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa maneno yangu ya kwenye grupu.

Akaweka ungo chini. Akasema, "Maneno yapi?"

Ikabidi nimweleze. Akamwita mjukuu wake, mtoto wa darasa la sita, aje na simu. Na hapo nikaona kitu ambacho wala daftari lisingenionyesha. Shangazi macho hayamsaidii tena kwenye maandishi madogo. Yule mtoto ndiye anayefungua, ndiye anayesoma, ndiye anayeandika. Nilimwomba asome tangazo langu moja la zamani, lile la "Naomba wanakamati tukamilishe ahadi zetu kabla ya tarehe 10." Akasoma mbio mbio, sauti juu, kama anayesimamisha gari. Likasikika kama amri. Mimi nililiandika kwa unyenyekevu kabisa.

Nikamuuliza Shangazi, siku ile ya orodha ulimwambia aandike nini? Akakumbuka vizuri. "Nilimwambia, mwambie mwanangu nimeona kama jina langu limetolewa, pengine ni bahati mbaya, anitazamie, na asante kwa kazi anayotufanyia." Mtoto akainamisha kichwa. Akasema, "Bibi, yalikuwa marefu."

Jibu langu alimsomea? Hakumsomea. Aliogopa. Alimwambia bibi, "Amesema hakuna aliyekutoa," akaishia hapo. Shangazi aliona limekwisha. Kunyamaza kwake kote nilikokuhesabu siku baada ya siku ilikuwa ni mtoto kupelekwa shule ya bweni kwa mitihani, na simu kukaa kabatini.

Wala sikujua neno la kuandika kwenye ile safu. Nimeiacha wazi.

Tulikula wali na samaki wa nazi. Kabla sijaondoka nikamfundisha kushika ile alama ya kipaza sauti na kidole gumba, asiachie mpaka amalize. Mara mbili aliachia mapema. Mara ya tatu akamudu.

Siku ya 45

Maingizo yote ni 71. Kumi na tisa ya kwanza yako ndani ya wiki moja, wiki ya mwisho yako matano. Nimejibu kabla ya pindo mara sita. Kinyongo kimoja, cha yule dada wa mshono wangu, hakijaondoka. Nitampigia, leo sijawa tayari.

Orodha ya michango sasa naiandika mwenyewe peke yangu, mtu ananitumia inboksi, naiweka grupuni mara moja kila Jumapili usiku. Namba 17 ni Shangazi.

Ujumbe wake wa leo ni sauti ya dakika nne na sekunde kumi na mbili. Salamu za kila mtu nyumbani mmoja mmoja, bei ya dagaa, kuku wanalia nyuma, kisha kimya kirefu nadhani alikuwa anatafuta pa kubonyeza. Nimeusikiliza nikishona, mpaka mwisho.